Udahili wa Vyuo Vikuu: Mambo ya Kuyajua Kabla ya Matokeo

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini baada ya swala ya Alasiri, Rahaleo, Mtwara)



 



Tumeombwa tuzungumzie udahili wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vya nchi yetu, na tumeombwa kwa sababu inayojulikana. Kila ifikapo Oktoba hutujia wazazi wakiwa na bahasha ya kaki mkononi, wakisema, "Mtoto amefaulu, lakini chuo hakupata." Tukiifungua bahasha ile, mara nyingi tunakuta kwamba kijana kweli amefaulu. Kilichomzuia ni somo alilolichagua miaka mitatu nyuma, au tarehe iliyopita akiwa hana habari, au jina la baba lililoandikwa kwa namna mbili katika karatasi mbili. Hayo yote yangeweza kurekebishwa mapema, na Oktoba si mapema.

Kabla ya kuingia katika masharti yenyewe, ni vema tukumbuke mlango huu ulivyokuwa. Ndugu yetu Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyekuja kuwa Rais wa awamu ya tatu, alipomaliza masomo yake ya sekondari ilimbidi aende Makerere, Uganda, kwa kuwa Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 14. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Wazee waliopo hapa wanajua kwamba katika miaka hiyo kijana wa Mtwara aliyechaguliwa aliangaliwa na mji mzima kama aliyekwenda Hija. Na hata aliyechaguliwa alikuwa na shida ya kufika, maana barabara ya kusini wakati wa masika haikupitika, na daraja la Rufiji halikufunguliwa hadi mwaka 2003.

Masharti nayo hayakuwa ya alama peke yake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende tena chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa amalize Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, na maombi yake yaambatane na maoni ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa kupata wasomi wanaowajua wakulima na wafanyakazi, na hatuidharau nia hiyo. Lakini idadi ya wasichana ilishuka, kwa kuwa msichana akishaanza kazi huolewa na kuzaa, na njia ya kurudi shule humpotea. Haikupita miaka mingi wasichana wakaondolewa katika sharti lile, na baadaye fani zilizokosa watu nazo zikalegezewa. Tumelitaja jambo hili ili ieleweke kwamba kanuni za udahili hutungwa na watu na hubadilika. Mzazi anayemshauri mwanawe kwa kanuni alizozisikia yeye akiwa kijana anaweza kumpoteza.

Sasa tuje kwenye hali ya leo. Msimamizi wa vyuo vikuu vyote, vya umma na vya binafsi, ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Mwaka 2010 Tume ilianzisha mfumo mmoja wa pamoja ambao kijana aliombea humo vyuo vyote na Tume ikampangia. Mwaka 2017 utaratibu huo uliachwa, na maombi yakarudi kwa vyuo vyenyewe. Kwa hiyo anayekuambia leo kwamba "TCU watampangia mwanao" anazungumzia jambo lililokwisha kupita. Kijana huomba kwenye chuo, chuo humchagua, na Tume huhakiki kama waliochaguliwa wana sifa. Kila mwaka Tume hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, kimoja kwa wahitimu wa kidato cha sita na kingine kwa wenye stashahada. Humo imeandikwa kila programu ya kila chuo, masharti yake na idadi ya nafasi zake. Kitabu hicho ni bure. Inatushangaza kuona kijana analipa fedha kwa dalali ili aambiwe kilichomo humo, tena aambiwe nusu.

Sharti la chini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni kuwa na ufaulu wa daraja kuu, ambao vijana huuita prinsipo, katika masomo mawili, kwa jumla isiyopungua pointi 4.0. Hesabu yake ni hii: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Alama ya S ina nusu pointi, nayo haifikii prinsipo. Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 walipimwa kwa ngazi nyingine za alama, na hao wana hesabu yao katika kitabu kile kile.

Jambo linalowaangusha wengi ni hili, nasi tunaomba mlisikilize kwa makini. Pointi hizo nne hutakiwa zitoke katika masomo ambayo programu imeyataja kwa majina. Tuchukue kijana wa HKL aliyepata D ya Historia, E ya Kiswahili na C ya Kiingereza. Ukijumlisha masomo yake mawili bora anazo pointi 5, na nyumbani pilau limekwisha pikwa. Lakini akiomba programu inayotaka Historia na Kiswahili, pointi zake ni 3, na mlango huo umefungwa. Akiomba programu inayokubali Historia na Kiingereza, amefika. Kijana ni yule yule na vyeti ni vile vile, tofauti ni mstari mmoja wa kitabu.

Kwa sababu hiyo hiyo tunawaambia vijana wetu wanaosoma Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa ajili ya mtihani wa taifa, somo ambalo tunalipenda na tunataka wazidi kulisoma: msihesabu alama yake kuwa ni pointi ya chuo kabla ya kuangalia kama programu mnayoitaka imelitaja somo hilo. Programu nyingi hazilitaji. Kiarabu hupata nafasi katika baadhi ya programu za lugha na sanaa. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya nyingi za kidato cha tano, zikiwamo zenye masomo ya dini. Hilo ni jema, lakini mzazi anayemruhusu mwanawe aichague tahasusi aanze kwa kuuliza inaishia katika programu zipi. Tahasusi ni kama kupanda basi pale stendi. Ukishapanda la Masasi, hata likienda mbio namna gani halitakufikisha Msimbati.

Na safari hii huanza mapema zaidi ya kidato cha tano. Anayetaka udaktari wa binadamu hana budi kuwa na prinsipo tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia, na tahasusi hiyo haiingiwi na aliyeyaacha masomo hayo kidato cha tatu. Hisabati nayo ina hila yake. Programu nyingi za biashara, uchumi na kompyuta, kwa asiyesoma Hisabati ya juu, hudai ama afaulu Hisabati Tumizi ya kidato cha sita, ile BAM, ama awe na alama inayokubalika ya Hisabati ya kidato cha nne. Ile F ya Hisabati ambayo kijana wa miaka kumi na sita aliichekea na wenzake humngoja miaka miwili mbele.

Tofautisheni pia kati ya kuwa na sifa na kuchaguliwa. Pointi 4 humruhusu mtu kusimama kwenye foleni tu. Programu yenye nafasi 100 ikipata waombaji 2,000 wenye sifa, chuo huwapanga kuanzia mwenye alama za juu na kukata pale nafasi zinapokwisha. Kwa hiyo kijana mwenye pointi 5 anayejaza sheria au udaktari wa chuo kikubwa katika chaguo zake zote, kwa kuwa shangazi yake angependa kumwita wakili, amejihukumu mwenyewe. Aweke anachokipenda mwanzo, lakini katika chaguo zinazofuata aweke programu ambazo alama zake zinaweza kuzipata. Ualimu wa sayansi, kilimo, takwimu, ardhi, ustawi wa jamii na uhasibu ni fani zenye heshima, na nyingine zina ajira kuliko zile zinazotajwa kwenye harusi.

Kuhusu wakati: mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na matokeo hutoka kwa kawaida mwezi wa Julai. Dirisha la maombi hufunguliwa mara baada ya hapo, huwa na awamu zaidi ya moja, na kila awamu ina siku yake ya kufunga. Sasa angalieni jambo hili. Tangu mwaka 2013, mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yaliporejeshwa, wahitimu wengi huwa kambini katika miezi hiyo hiyo. Wana kwata na jembe, na simu haziko mikononi mwao wakati wote. Mzazi aliyebaki Rahaleo, au Mikindani, au Kitaya, ndiye anayepaswa kuwa na nakala za vyeti, namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya sita, na orodha ya programu walizokubaliana kabla mtoto hajaondoka. Wasipokubaliana kabla, mjomba mwenye kompyuta ndiye atakayemchagulia maisha.

Akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, kijana hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu kwa namba maalumu anayotumiwa kwa simu, tena kabla ya tarehe iliyowekwa. Tunamfahamu kijana mmoja wa upande wa mto Ruvuma aliyechaguliwa mahali pawili. Fomu zake zilijazwa kwenye duka la intaneti, na namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya kijana mwenye duka. Mwenye duka akabadilisha laini. Namba ya kuthibitisha ilitumwa kwenye laini iliyokufa, na siku zikapita. Mama yake alikuwa ameuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli. Mwaka uliofuata aliomba tena akapata, alhamdulillah, lakini mwaka wa umri wa kijana haurudishwi. Andikeni namba ya simu iliyomo nyumbani mwenu, na laini hiyo isibadilishwe mpaka mtoto awe amelala bwenini.

Hakikisheni vilevile kwamba chuo na programu vimo katika kitabu cha mwongozo cha mwaka huo. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na waliokuwa wamezoea kuvisikia vikitangazwa redioni walishangaa. Na anayekuja usiku akisema ana mtu wake chuoni, au kwamba cheti kinaweza "kutengenezwa", mfukuzeni. Kudanganya kwa karatasi ni haramu. Kwa yule ambaye neno haramu halimtoshi, akumbuke Aprili 2017, ulipofanyika uhakiki wa vyeti na watumishi wa umma 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi, baadhi yao wakiwa na utumishi wa miaka mingi na familia nyuma yao.

Tufike kwenye karatasi, maana hapa ndipo sisi watu wa pwani ya kusini tunapoumia zaidi. Kupata chuo ni jambo moja, na kupata mkopo wa Serikali ni jambo jingine lenye fomu zake, dirisha lake na tarehe zake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi mwaka 2005. Huwatazama kwa karibu zaidi yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya maskini. Lakini Bodi haijui kwamba mtoto huyu ni yatima. Inajua cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Huku kwetu baba hufariki Msimbati au Mahurunga, huoshwa, huswaliwa na huzikwa siku ile ile kama sheria yetu inavyotaka. Kijiji kizima kinahudhuria, na hakuna anayefikiria karatasi. Miaka kumi na miwili baadaye mtoto wake amepata pointi 10 na anatakiwa athibitishe kwamba baba yake hayupo. Mashahidi mia mbili wa maziko wapo, lakini karatasi haipo. Huanza basi kuzunguka kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mtendaji, wilayani, huku dirisha la mkopo likihesabu siku. Tumeona yatima wa kweli wakiorodheshwa kama watoto wenye wazazi wawili kwa sababu hiyo.

Ombi letu kwa maimamu ni kwamba, maziko yakishapita na siku za mwanzo za msiba zikamalizika, familia iambiwe waziwazi ikasajili kifo. Haipunguzi tawakkul hata kidogo. Na cheti cha kuzaliwa kitafutwe mtoto akiwa bado darasa la kwanza. Majina yaandikwe kwa herufi moja kila mahali. Mtoto aliye Abdallah Issa Hamisi shuleni, Abdala Isa katika cheti cha kuzaliwa na Abdul I. Namtapika kwenye kitambulisho cha mzazi, mbele ya mitambo ni watu watatu. Anayeyaona makosa hayo leo aende kwa wakili au mahakamani akaapishwe na kurekebisha, asingoje Julai.

Tumeulizwa pia kuhusu riba, na ni swali la haki. Kwa miaka kadhaa deni la mkopo lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na wapo vijana wetu waliouacha mkopo kwa sababu hiyo. Mwaka 2021 tozo hiyo iliondolewa, na ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa nayo ikaondolewa. Sisi hatutoi fatwa hapa. Masheikh wapo, na mwenye shaka akawaulize huku amebeba masharti ya mkataba wa mwaka wake mkononi, maana fatwa hutolewa juu ya mkataba uliopo, na ule aliousaini kaka yake mwaka 2012 ni mkataba mwingine. Tunalosisitiza ni kwamba mkopo ni deni, nalo hulipwa. Tangu mwaka 2016 makato ya mwajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inahusu kuandikiana madeni, na kijana wa Kiislamu hapaswi kutia saini mkataba wa deni asioujua, wala kuona ujanja katika kulikimbia.

Mkopo nao hautoshi, na mara nyingine hautoki wote. Hapo huja suala la fedha za nyumbani. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Minada ya korosho nayo huanza Oktoba, na malipo huchukua siku zake. Mwaka 2018 yalipotokea mabadiliko ya ununuzi na Serikali ikachukua korosho yenyewe mwezi wa Novemba, malipo yalichelewa sana, na wazazi waliotegemea mnada kwa ada walibaki wakitazamana. Asiweke mtu ada ya mwanawe juu ya mti ambao haujavunwa. Fedha ya msimu uliotangulia ndiyo inayosomesha, na ndiyo hiyo hiyo inayoishia kwenye ngoma, sare za unyago, vipaza sauti na magari ya kukodi. Tunajua kwamba neno hili halipendezi kila sikio. Lakini mtu anayetumia milioni mbili kumtoa mwali ndani, kisha mwaka unaofuata akatuambia hana laki tatu za kumpeleka mwali yule yule chuoni, tufanye nini naye?

Na maadamu tumemtaja binti, tuongeze. Wapo wanaosema chuo kikuu kinamharibu msichana, na wengine humwoza wiki ile ile matokeo yanapotoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha katika miaka ya 1990 mafunzo ya awali ya sayansi kwa ajili ya wasichana, ili waliokaribia kufikia alama wapate nafasi ya kuingia. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kuna ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, nao ni ruzuku isiyolipwa. Akina mama wa Mtwara wakienda Ligula kujifungua huomba wahudumiwe na daktari mwanamke. Daktari huyo ni binti wa mtu aliyekubali asome.

Tumalizie na wale waliokosa pointi 4, maana nao wapo hapa na wamekaa nyuma. Aliyepita stashahada akapata GPA isiyopungua 3.0, na ana ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, huweza kuomba shahada katika fani inayolingana na aliyosomea. Hii ni njia inayomfaa hata yule aliyeishia kidato cha nne: miaka mitatu ya stashahada kisha shahada, naye atakuwa na ujuzi wa kazi mkononi. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina kituo chake hapa Mtwara, na kina Programu ya Msingi kwa waliokaribia kufikia sifa. Anayeimaliza kwa GPA ya 3.0 na alama zinazotakiwa katika masomo ya kundi lake huruhusiwa kuomba shahada. Hapa mjini pia kuna tawi la Taasisi ya Uhasibu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeanza kujenga kampasi Lindi, ambako basi la asubuhi hufika kabla ya Adhuhuri. Wa kurudia mtihani naye aurudie kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini arudie somo linalompa programu, asirudie lile tu analoliona rahisi.

Baada ya swala ya Magharibi vijana wetu watatu walioko vyuoni watakaa barazani na kompyuta na kitabu cha mwongozo. Mwenye mtoto wa kidato cha nne au cha sita alete vyeti, halisi na nakala, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Wenye watoto waliofiwa waje mbele kwanza, hata kama mtoto bado yuko shule ya msingi. Hakuna malipo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.